Yethro Hakuwa Mtu wa Kwetu

Hotuba iliyotolewa Moshi, mbele ya kongamano la siku moja la Wakristo, Waislamu na wazee wa mila. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Mwenyekiti wetu, Mkuu wa Jimbo, baba paroko, masheikh wetu, wachungaji na wainjilisti, wazee wangu mlioshuka mlimani alfajiri, kina mama, vijana: Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Swali nililopewa lina sehemu mbili. Mkristo ajifunze nini kwa mtu asiye wa dini yake? Na kanisa linatafuta nini kwenye siasa? Ndugu zangu wa kamati, kwa kuhurumia muda, waliniomba nichague moja. Nikawaomba waniachie yote mawili, maana kwa jinsi ninavyoyasoma Maandiko na historia ya mlima huu, ukishika la kwanza, la pili linakufuata lenyewe.

Fungueni Kutoka, sura ya 18. Musa ameshawavusha watu bahari, yuko nyikani, na anatembelewa na baba mkwe wake, Yethro, anayemrudishia mkewe Sipora na watoto wao wawili. Biblia haifichi mgeni huyu ni nani. Ni kuhani wa Midiani. Si Mwisraeli, hakuvuka bahari, hakula Pasaka Misri. Kesho yake mzee anakaa pembeni na kumtazama mkwewe akiamua mashauri, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Foleni ile mnaifahamu. Ni foleni ya mama aliyefuata hati ya kiwanja, akaambiwa mhusika katoka, njoo kesho. Yethro anaangalia mpaka anachoka, kisha anamwambia mkwewe usoni kwamba jambo analolifanya "si jema." Watu watachoka, na wewe utachoka. Tafuta watu "walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu", uwaweke wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na wa kumi. Sisi tuliokulia enzi za balozi wa nyumba kumi hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia hesabu hiyo. Musa akasikia, akafanya yote aliyoambiwa.

Naomba tukae hapo kidogo. Mtu aliyesema na Mungu kwenye kijiti kinachowaka amefundishwa utawala na kuhani wa watu wengine, na hakuna mstari hata mmoja unaomkemea. Angalieni na mpangilio wa kitabu: sura ya 19 wanafika Sinai, sura ya 20 wanapewa Amri Kumi. Ushauri wa Yethro umetangulia Amri Kumi! Na ushauri wenyewe ulihusu nini? Ulihusu haki ya mnyonge kusikilizwa, mgawanyo wa madaraka, na rushwa. Hekima ya mgeni na mambo ya utawala viliingia kambini mwa Israeli siku moja, kwa mdomo wa mzee mmoja.

Huko Marekani na Ulaya kuna mkondo unaoitwa Ukristo wa kimaendeleo, na baadhi yenu mmesikia habari zake kwa watoto wenu wanaosoma nje. Mizizi yake ni mirefu. Mwaka 1886 mchungaji wa Kibaptisti, Walter Rauschenbusch, alipewa usharika mdogo New York, jirani na mtaa wa mafukara, akawa anazika watoto waliouawa na njaa na nyumba mbovu. Akaona hawezi kuhubiri toba ya mtu mmoja mmoja halafu anyamazie mwenye nyumba, mwenye kiwanda na diwani. Miaka ya 1990 kasisi wa Kiepiskopali, James Adams, akawakusanya Wakristo wenye mawazo ya aina hiyo chini ya jina hili la kimaendeleo. Wanasema Yesu ndiye njia yao ya kumwendea Mungu, na wanaheshimu uaminifu wa watu wanaomwendea kwa njia zenye majina mengine. Wanasema pia kwamba imani isiyogusa haki ya maskini haijakamilika. Mkondo huo una mambo mengine ambayo maaskofu wetu wameyakataa waziwazi, na leo sikuitwa kuyajadili. Mimi nachukua haya mawili tu, uwazi kwa hekima ya wengine na ujasiri wa kugusa siasa, kwa sababu naamini sisi wa Kilimanjaro tuna la kuongeza hapo.

Mfano wa nje ninaoupenda kuliko yote ni huu. Mwaka 1936 mchungaji Mmarekani mweusi, Howard Thurman, alikuwa India na mkewe Sue pamoja na wenzao, wakaonana na Gandhi. Gandhi alikuwa Mhindu, na mbinu yake ya kupambana na udhalimu bila silaha aliianzia katika bara letu, Afrika Kusini, alikofika mwaka 1893 na kuondoka 1914. Alikuwa akiisoma Hotuba ya Mlimani na kuifanyia kazi kuliko Wakristo wengi waliomtawala. Aliwahoji wageni wake kwa kirefu kuhusu utumwa na ubaguzi wa Marekani. Thurman alirudi kwao na somo lile, akaliandika, akalifundisha. Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti aliyepigania haki za weusi, alikuwa mmoja wa waliolisoma, na mwaka 1959 akaenda India mwenyewe kujionea. Maneno ya Yesu yalizungukia kwa Mhindu, yakarudi kwa Wakristo weusi yakiwa na meno.

Haikuishia hapo. Juni 1965 mtawa wa Kibudha wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, alimwandikia King barua kuhusu mateso ya watu wake. Mwaka uliofuata wakakutana Chicago. Mwaka 1967 King alimpendekeza mtawa huyo kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na tarehe 4 Aprili mwaka huohuo akasimama katika kanisa la Riverside, New York, akailaani vita ya Vietnam mbele ya dunia nzima. Magazeti makubwa yalimshambulia. Hata wenzake katika harakati walimwambia ashughulikie haki za weusi, mambo ya vita awaachie wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, akauawa. Mbaptisti alijifunza kwa Mbudha, na alichojifunza kilimpeleka moja kwa moja kwenye uamuzi wa kisiasa wenye gharama.

Nasisitiza gharama kwa sababu kuna uwazi usiogharimu kitu. Wapo Wakristo wa huko, na wameanza kuwapo hapa, wanaochukua tafakuri ya Wabudha ili wapate usingizi, wanachukua shairi la Msufi wakaliweke kwenye kadi, wanachukua ngoma ya Wamaasai wakapambe ibada ya mavuno. Wanafanana na mtalii anayenunua kinyago Arusha: anakipenda kweli, anakipeleka sebuleni kwake, ila hajawahi kumuuliza aliyekichonga kama amelipwa. Mmaasai anayecheza madhabahuni kwako ana kesi ya malisho. Umemuuliza inaendeleaje?

Sasa turudi nyumbani. Pandeni kutoka hapa mjini mpaka Kidia, Old Moshi. Pale, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, Wachagga, Wameru na Waarusha. Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilikuwa imeshafika Machame tangu 1893. Mababu zetu walihubiriwa upendo wa Mungu na watu waliotoka taifa lilelile la walioshika kamba. Kwa hiyo ninaposikia ndugu yangu akisema kanisa lisiingie kwenye siasa, namwomba apande Kidia kwanza. Kanisa la mlima huu halikuwahi kupata nafasi ya kuwa nje ya siasa. Lilichopata nafasi ya kuchagua ni upande wa kusimama.

Mwaka 1902 alikuja mmisionari Bruno Gutmann, akafanya kazi huko huko Old Moshi, na kukiwa na pengo la miaka michache alidumu huku hadi 1938. Huyu alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliketi na wazee, akaandika sheria na desturi za Wachagga kurasa kwa mamia. Aliona kwamba ukoo, ujirani na rika ni mafungamano ambayo Mungu alikuwa ameyaweka kabla mzungu hajapanda mlima, akataka usharika ujengwe juu yake. Tunamwita Mungu Ruwa katika sala za Kichagga mpaka leo, na hakuna anayeona kwamba amemkosea Kristo.

Nataka niwasimulie jambo moja ambalo nililiona kwa macho. Ndugu wawili, tumbo moja, waligombania mpaka wa kihamba, shamba la urithi la ukoo. Mpaka wenyewe ulikuwa ua wa masale, mimea ambayo kwetu jani lake ni ishara ya kuomba msamaha, na mdogo alikuwa ameung'oa usiku na kuusogeza hatua chache kuelekea kwa kaka yake, akapata migomba kadhaa na mti wa kahawa. Kaka akaapa kuwa hatazikwa na mdogo wake. Baraza la wazee wa kanisa lilikaa, likakaa tena. Walisomewa Neno, wakaombewa, wakapeana mikono mbele ya mchungaji, na walipotoka nje ya geti kila mmoja akashika njia yake. Ndipo mzee mmoja wa ukoo, asiyeonekana sana kanisani, akamwita yule mdogo. Akamwambia akate jani la sale kwenye ua uleule alioung'oa, aende kwa kaka yake kabla jua halijatoka, asimame mlangoni asiseme neno. Wachagga wenzangu mnajua maana yake. Ukiletewa sale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Kaka alifungua mlango, akaona jani, akaona na udongo wa ua kwenye mikono ya mdogo wake. Akalipokea. Mchana walikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja, jioni wakarudisha masale mahali pake, na Jumapili wote wawili walikuja kwenye Chakula cha Bwana.

Baadaye baadhi yetu tulijadiliana: je, walipatanishwa na mila au na Injili? Mimi nilijibu kwa Mathayo 5, "upatane kwanza na ndugu yako", ndipo uje utoe sadaka. Yesu hakutaja upatane naye kwa kutumia nini. Mlimani kwetu Mungu alikuwa amepanda jani la kazi hiyo kwenye kila mpaka na kila kaburi la mababu. Kanisa linalolipita jani hilo kila siku likienda kutafuta kitabu cha usuluhishi kutoka ng'ambo linajinyima.

Lakini sipendi tumpake Gutmann mafuta kupita kiasi. Aliipenda mila ya Wachagga, na hakufurahishwa sana na Wachagga waliotaka mambo mapya. Vijana walipotaka shule za kisasa na fedha ya kahawa yao wenyewe, yeye alihofia mafungamano ya zamani yatavunjika. Wakulima hawakumsubiri. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika wao wa kahawa. Hiyo nayo ilikuwa hekima ya Wachagga! Watu waliokuwa wakigawana kwa zamu maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini, na asiyekuja kuzibua mfongo akapigwa faini, walijua kuendesha ushirika kabla hawajaandikiwa katiba yake. Ukisema unaheshimu hekima ya watu ukaishia kwenye ngoma, matambiko na methali zao, ukaiacha namna wanavyopigania bei, ardhi na maji, umewaheshimu nusu.

Kina mama hapa wananisubiri niseme na lingine. Si kila cha mila ni hekima. Ukeketaji ulikuwa mila, na katika baadhi ya koo za mikoa hii ya Kaskazini bado unafanyika kwa siri, ingawa sheria imeukataza kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu 1998. Kumnyima binti urithi wa kihamba kunaitwa mila pia. Yethro alipomsikiliza Musa alikuwa na ruhusa ya kusema "si jema", na ruhusa hiyo inakwenda pande zote. Mzee wa mila aniambie palipo pabaya kanisani, nami nimwambie palipo pabaya kwenye mila. Tunachokataa ni mmoja wetu kuja na mdomo bila masikio.

Wenzetu wa Meru wametupa somo lingine. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu wananchi wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki ili ardhi yao wapewe wafugaji wachache wa Kizungu. Wameru walichangishana. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapahapa Moshi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York, akaeleza habari za nyumba zilizochomwa na ng'ombe waliokufa. Ardhi hawakurudishiwa siku hiyo. Ila aliporudi akazunguka kuwasimulia watu, na nchi nzima ikajua kuwa mtu wa kijijini anaweza kumshtaki mtawala. Mnapofundisha historia ya kanisa kwa vijana wa Kaskazini, wafundisheni na hii. Waumini wa Meru hawakuweka imani yao kabatini walipokwenda kuidai ardhi.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York, Oktoba 1970, jambo ambalo mapadre wengi waliona ni zito. Aliwaambia kwamba kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini, watu wataliona halina maana kwao. Na kwamba yeye hawezi kumfikiria Mungu aliye fukara, mjinga, mwoga na mnyonge, ilhali hiyo ndiyo hali ya wengi walioumbwa kwa mfano wake. Huyo ndiye Mwalimu aliyesema pia kuwa serikali haina dini. Watu wanayarudia maneno hayo ya pili na kuyasahau ya kwanza. Kwake yalikaa pamoja bila kugombana: dola isiwe na dini, na mwenye dini asiipe dola mgongo.

Hapo ndipo penye kazi yetu ya leo, na nitasema wazi, kwa heshima zote.

Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe wa Kwaresima, na maaskofu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wakatoa waraka wa Pasaka, wakagusa hali ya nchi bila kumung'unya maneno. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko kuhusu mkataba wa bandari na Dubai. Niliyasoma yote na nikamshukuru Mungu kwa ujasiri ule. Lakini mlisikia kilichotokea mitaani mwaka 2023. Ndani ya siku chache mjadala wa vifungu vya mkataba uligeuka, vijiweni na kwenye simu zetu, kuwa mjadala wa Wakristo dhidi ya Waislamu. Wenye hoja za kisheria walifunikwa na wenye hasira za kidini. Wapo Waislamu wengi waliokuwa na wasiwasi uleule juu ya mkataba, na wapo Wakristo waliouunga mkono, ila sauti iliyosikika ilikuwa imevaa msalaba peke yake.

Linganisheni na hili. Mwaka 2008 CCT, ambayo ni jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti, TEC, ambalo ni baraza la maaskofu Wakatoliki, na BAKWATA, baraza la Waislamu, walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu jinsi Tanzania isivyofaidika na dhahabu yake. Mwaka 2012 wakatoa nyingine kuhusu kodi inayopotea. Makanisa na msikiti waliketi meza moja wakauliza dhahabu ya Geita inakwenda wapi, na hapakuwa na mtu wa kusema huo ni udini, angeanzia wapi? Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Madini, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Wengi walichangia kufikia hapo, na viongozi wa dini walikuwa miongoni mwao. Sauti ile ilikuwa na nguvu kwa sababu haikuwa ya upande mmoja, na haikuwa ya upande mmoja kwa sababu walikuwa wamezoea kusikilizana.

Kusikilizana maana yake ni pamoja na kusikia malalamiko. Nawaambia Wakristo wenzangu: sheikh akikueleza hekima ya Ramadhani unaitikia kwa furaha, akikueleza habari za shule unabadilisha mada. Wakati wa ukoloni shule nyingi za mlima huu zilikuwa za misheni. Wazazi Waislamu waliogopa, na walikuwa na sababu, kwamba mtoto akiingia huko atatoka na jina jipya. Serikali ilizitaifisha mwaka 1969 ili ziwe za watoto wote, na mpaka leo wapo Wakristo wanaolisimulia tendo lile kama dhuluma tu. Jirani yako analisimulia kama mlango uliofunguliwa. Umewahi kukaa ukamsikiliza mpaka mwisho?

Tunajua tusipofanya hivyo panatokea nini. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, siku parokia ile inazinduliwa. Watu 3 walifariki, makumi wakajeruhiwa. Mapema mwaka huohuo, kule Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulimwaga damu ya mchungaji. Nilipopata habari ile ya Geita nilishindwa kuielewa, kwa sababu ya jinsi tunavyoishi hapa. Mtaani kwetu, mkesha wa Krismasi, mbuzi akishafungwa kwenye mparachichi, mtoto anatumwa kwa jirani Mwislamu. Jirani anakuja na kisu chake alichokinoa mwenyewe, anamlaza mbuzi kuelekea kibla, anataja jina la Mungu, anachinja, anapewa maji ya kunawa. Hakuna aliyetuandikia waraka. Tunataka tu kesho yake kila atakayepita getini aweze kula. Basi na matamko yetu tuyaandae hivyohivyo, tangu mwanzo tukiwaza nani atakuwepo mezani.

Najua kuna mtu ameshika Yohana 14:6 mkononi tangu nilipoanza. "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima." Mama yangu, kaka yangu, mimi naliamini neno hilo na nitazikwa nalo. Lakini aliyelisema ndiye aliyemwona akida Mrumi akasema hajaona imani kubwa namna hii kwa yeyote katika Israeli. Ndiye aliyetafuta mfano wa mtu anayemtii Mungu, akamwacha kuhani, akamwacha Mlawi, akamchukua Msamaria. Paulo pale Athene aliwanukulia Wayunani washairi wao wenyewe ili kumhubiri Mungu wa kweli. Petro nyumbani kwa Kornelio alikiri kuwa Mungu hana upendeleo. Kama Yesu ndiye kweli, basi kila kweli ninayoikuta kwa jirani siiogopi, maana najua ni ya nani. Mwenye kuogopa kusikiliza mara nyingi ni yule ambaye moyoni hana hakika na alichonacho.

Nina maombi mawili, na wahusika wako humu ukumbini.

La kwanza ni kwa viongozi. Jambo la wananchi linapotokea katika mkoa wetu, iwe maji, ardhi, uchaguzi au kijana aliyechukuliwa na haijulikani yuko wapi, tusitoe tamko la kanisa kisha tukawaomba masheikh watuunge mkono. Tuwaite siku ya kwanza, karatasi ikiwa bado nyeupe. Tuwaite na wazee wa mila, na tuwaite kina mama wa vikoba ambao bei ya unga wanaijua kuliko sisi sote. Watatuchelewesha, na pengine watabadilisha sentensi tulizozipenda. Na tukubaliane pia kuwa hakuna mgombea atakayesimama mimbarini kwetu wala msikitini kwao kuomba kura, awe wa chama chochote. Sauti ya kumwambia mtawala "si jema" haipatikani tena ukishaikodisha.

La pili linahusu kipaimara. Watoto wetu wanasoma Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 na kuikariri. Amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, Luther anaifafanua vizuri sana: tumtetee jirani, tumseme vyema, tuyachukue mambo yake kwa upande ulio bora. Luther huyohuyo mwaka 1543 aliwaandika Wayahudi maneno ya chuki ambayo Walutheri duniani wameyakataa kwa aibu. Ufafanuzi wake mwenyewe wa amri ya nane ulikuwa unamhukumu. Sisi nasi, kwenye madarasa ya kipaimara, tunapofika kwenye somo la dini nyingine, anasimama mwinjilisti na kuwaeleza watoto Waislamu wanaamini nini, naye hajawahi kumuuliza Mwislamu. Naomba somo hilo lifundishwe na mwenye dini yake. Sheikh aje asharikani, aeleze Uislamu kwa watoto wetu kwa kinywa chake, waulize maswali yao ya kitoto, awajibu. Na mchungaji aalikwe madrasa kwa heshima ileile.

Nilizungumza na sheikh wetu aliyeketi hapa mbele, amesema akialikwa atakuja. Mkuu wa Jimbo, darasa jipya la kipaimara linaanza Januari. Naomba barua za mwaliko zitoke ofisini kwako kabla ya Majilio, ziende kwa kila usharika wenye msikiti jirani, na zitaje saa na siku. Walimu wa kipaimara walioko humu wabaki baada ya chakula cha mchana, tupange nani anaanza.

Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali. Naanza na yule mama mwenye kitenge cha bluu, aliinua mkono tangu nilipotaja urithi wa kihamba.